Kuba la Plastiki Juu ya Kitanda cha Dada

Gari lile tuliachiwa na daktari wa meno ambaye dada yangu alimfanyia kazi tangu alipotoka skuli. Lilikuwa gari la rangi ya maziwa, refu kuliko magari mengine ya mjini, na ndani yake mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja, beseni la kuoshea vyombo na makabati madogo madogo. Juu ya kitanda, kwenye paa, palikuwa na kuba la plastiki angavu, mfano wa bakuli lililofudikizwa, ili anayelala chini yake aone mbingu. Daktari alikuwa Mgoa, mtu mfupi, mpole, mwenye vidole vilivyonuka mafuta ya karafuu saa zote. Siku za mapumziko alikuwa akimchukua mkewe wakaenda kulala nalo Kendwa, wakati huo Kendwa ikiwa mchanga mtupu na vibanda vya wavuvi. Mtaani kwetu, Mji Mkongwe, watu walicheka. Mtu ana nyumba ya ghorofa mbili, anakwenda kulala ndani ya gari!

Baada ya Mapinduzi mkewe alitangulia kuondoka. Yeye alibaki kwa miezi kadhaa, akiendelea kung'oa meno ya watu kama kawaida, ingawa kila wiki wateja walipungua. Kisha siku moja aliwasha gari, akamwambia dada apande, wakaja nalo Mbweni kwenye kishamba cha bibi yetu, shangazi yake mama. Mimi nilikuwepo siku hiyo, nikimshonea bibi shumizi. Nilimwona daktari akilizunguka lile gari, akigusa kila taa na kila kidirisha, kama mtu anayemkagua mtoto kabla ya kumpeleka safari.

"Mvua haitalidhuru sana," alimwambia dada. "Jua ndilo adui. Chuma kitastahimili, lakini plastiki itakufa. Lifunike."

"Nitalifunika, daktari."

"Nikirudi nitakuja kulichukua hapa hapa."

"Inshallah."

Akampa funguo. Walirudi mjini kwa basi, na sote tulijua kwamba hatarudi, naye alijua.

Dada alitimiza ahadi kadiri alivyoweza. Alimlipa mtu akajenga banda la makuti juu ya gari, na yeye mwenyewe akija Ijumaa kulipangusa vumbi. Lakini kliniki ilifungwa, akapata kazi ya kuchemsha sindano katika zahanati, siku zikawa ngumu, na safari za Mbweni zikapungua. Masika ya mwaka wa tatu banda liliinama, likaanguka upande mmoja, na hapakuwa na mtu wa kulisimamisha. Bibi alikuwa mzee. Makuti yakaoza, kuku wakalala chini ya injini, na jua likafanya kazi yake.

Dada aliumwa mgongo kwa muda mrefu kabla hajasema. Alidhani ni kuinama kwingi kwenye masinia ya sindano. Alipofika spitali walimwambia ni kifua kikuu kilichoingia katika mifupa ya uti wa mgongo. Walimlaza huko miezi, wakamfunga plasta kutoka kwapani mpaka nyongani, kisha wakamrejesha nyumbani na dawa na amri moja: alale chali, juu ya kitu kigumu, mahali penye hewa, wala asikae kitako.

Nyumba tuliyokuwa tukikaa mjini haikuwa na hewa. Tulikuwa ghorofa ya juu kabisa, mwenye nyumba kashaondoka nchini, kuta zinatoa chumvi, na dirisha la chumba cha dada linatazama ukuta wa jirani. Kumpandisha ngazi zile nyembamba walihitajika wanaume wanne. Walimpandisha akiwa amefungwa kwenye ubao kwa khanga, na kila kona ya ngazi ilibidi wamsimamishe wima. Alikuwa akiuma meno. Tulipomlaza, mama alitoka nje ya chumba, akaegemea ukuta wa ukumbini akalia bila sauti.

Dada mwenyewe ndiye aliyesema habari ya gari.

"Nipelekeni Mbweni," alisema. "Nilazeni kwenye gari la daktari. Kitanda chake ni mbao, godoro jembamba. Na juu kuna kuba. Nitaona mbingu."

"Mwanangu akalale garini kama mzigo?" mama aliuliza.

"Mama, hapa pia mimi ni mzigo. Kule angalau nitakuwa mzigo wenye dirisha."

Mama hakucheka. Lakini baada ya wiki mbili alikubali, kwa sababu dada alikuwa ameanza kukataa chakula. Walimteremsha wanaume wale wale, kona kwa kona. Watoto wa mtaani waliokuwa wakicheza barazani walinyamaza, wakatupisha kama wanavyopisha jeneza.

Mimi nilitangulia Mbweni kusafisha. Nilipofungua mlango wa gari, kishikizo kilikatika mkononi mwangu kama biskuti. Ndani palinuka joto kuukuu na kinyesi cha kuku. Usukani, uliokuwa mweusi ukimetameta, ulinipaka unga mweupe viganjani. Taa za nyuma zilipauka zikawa rangi ya ufizi. Beseni lilikuwa na nyufa, na madirisha ya ubavuni, nayo ya plastiki, yalikuwa kama macho yenye mtoto wa jicho. Nililala kitandani nikatazama juu. Kuba lilikuwa limegeuka manjano, limejaa ukungu na mikwaruzo ya makuti yaliyoliangukia. Mwanga ulipita, lakini hakuna kilichoonekana.

Sikumwambia dada. Niliona ataliona mwenyewe. Tulipomlaza na watu wakaondoka, nilikaa mlangoni nikamsubiri aseme neno. Alitazama juu kwa muda mrefu.

"Unaona nini?" nilimuuliza.

"Naona chai," akasema. "Chai ya maziwa."

Akafumba macho.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mchana gari lilipata joto likawa tanuri, tukamfungulia milango yote na kumpepea kwa zamu. Mama, kwa kutaka kusaidia, alichukua majivu na ndimu akalisugua dirisha la ubavuni kama anavyosugua sufuria. Lilipokauka lilikuwa limekwaruzika kila mahali, jeupe, huoni hata kivuli. Mama alisimama na kitambaa mkononi.

"Umelitia upofu, mama," dada alisema kutoka kitandani, si kwa ukali. Kisha akaniita. "Hebu fungua kabati la chini, hapo miguuni pangu. Tazama kama mna kopo la bati."

Nilifungua. Mlikuwa na sanduku la daktari ambalo hatukuwahi kuligusa: pamba, vioo vidogo vya kutazamia meno, na makopo mawili. Moja lilikuwa na unga wa kijivu, mwepesi, wenye punje unazozihisi kwenye ncha za vidole. La pili lilikuwa na unga mweupe, laini kama poda.

"Ndiyo hayo," dada alisema, na kwa mara ya kwanza tangu spitali nilisikia uhai katika sauti yake. "Unajua ni ya nini? Ya kusugulia meno ya bandia. Ule ufizi wa meno ya bandia ni plastiki tupu. Ukitoka kwenye kalibu ulimomiminwa, hauna mng'aro, umefifia kama hilo kuba. Unadhani mimi kule kliniki nilikuwa nkifanya nini siku nzima? Nilikuwa nkisugua."

"Basi nambie."

"Kwanza maji. Maji mengi na sabuni kidogo, kwa mkono, si kwa kitambaa. Mchanga wote utoke. Punje moja ikibaki itakwaruza kuliko jua. Halafu huo wa kijivu, uuchanganye na maji uwe kama uji, usugue kwa fulana kuukuu. Usisugue kavu hata mara moja. Na usitie nguvu, plastiki ikipata moto inalegea. Ukihisi inapasha, acha, mwagia maji."

"Na huo mweupe?"

"Huo baadaye. Huo ndio unaoleta mwanga."

Nilikuwa mshonaji. Asubuhi nilishona kwa cherehani ya bibi, kazi za watu wa Mbweni na za mjini zilizoletwa na basi. Baada ya sala ya alasiri, jua likishapoa, nilipanda ngazi nikalala kifudifudi juu ya paa la gari na ndoo yangu ya maji, nikasugua. Uso wangu ulikuwa juu ya kuba na wa dada ulikuwa chini yake, na kati yetu plastiki ile ya manjano. Nilimwona kama kivuli tu. Yeye alikuwa na ufito, na pale alipoona ukungu mzito aligonga kwa ndani, nami nikasugua pale. Tulikuwa hatusikiani vizuri, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa hayo: anagonga, nasugua.

Kazi ilikwenda polepole. Maji yalikuwa yakitoka kama maziwa, nikidhani ni unga, kumbe ni ngozi ya plastiki iliyokufa. Mikono yangu ilipasuka. Kuna siku nilishuka nikamwambia, "Dada, halibadiliki hili," naye akasema, "Mimi ndiye niliye chini. Linabadilika." Sikumwamini. Nilidhani ananifariji, kisha nikawaza kwamba labda anajifariji mwenyewe, nikapanda tena.

Tulipofika kwenye unga mweupe nilitumia kipande cha flaneli ya kitoto, kilaini kabisa. Nilisugua kwa mizunguko midogo, nikamwagia maji, nikapangusa. Na kwa ghafla nikamwona.

Sijui niliseme vipi jambo hili. Siku zote zile nilimlisha, nilimwosha, nilimgeuza, lakini nilimwona kwa vipande: mkono, bega, mdomo unaosubiri kijiko. Sasa nilimwona mzima, kutoka juu, kama anavyoonwa na Mungu. Nilimwona mtu aliyekwisha. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, shingo ilikuwa ya mtoto, na lile plasta kubwa lilikuwa kama jahazi ambalo yeye amebaki abiria mdogo ndani yake. Nilimwona kabla yeye hajaniona, kwa sababu macho yake yalikuwa yakitazama mbali kupita mimi, kwenye minazi.

Kisha akaniona, akatabasamu, akagonga kwa ufito. Niligeuza uso nikajifanya nasuza kitambaa.

Niliposhuka alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Kumbe ile minazi ya bibi imerefuka hivyo!" alisema. "Na kunguru wameweka kiota. Umewaona kunguru?"

"Nimewaona."

"Hukuwaona. Ulikuwa unalia. Njoo hapa, mdogo wangu."

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango na kichwa changu karibu na mkono wake, naye akakichezea kilemba changu mpaka mama alipotuita kula.

Baada ya hapo tulifanya kazi ya kulilinda. Dada alisema plastiki iliyosuguliwa haina tena ngozi ya kujikinga, ikiachwa juani itakufa haraka kuliko mwanzo. Tuliweka nta. Bibi alikuwa na donge la nta ya nyuki, nikaliyeyusha na mafuta kidogo, nikapaka utando mwembamba na kuupangusa. Nilishona kifuniko cha kitambaa cha marekani, tabaka mbili, chenye kamba pembeni: asubuhi nalifunua kuba, jua likipanda nalifunika, alasiri nalifunua tena. Tulisimamisha banda upya kwa makuti mapya na tukaacha uwazi juu ya kuba. Usukani niliuosha nikauzungushia vitambaa vilivyobaki vya kushonea, ijapokuwa hakuna aliyekusudia kuendesha. Badala ya vishikizo vilivyokatika nilichonga vya mti. Dirisha alilolikwaruza mama nilijaribu kulisugua pia, likarudi nusu. Mikwaruzo ilikuwa imezama mno.

Dada alipata nafuu kwa muda, au tulidhani ni nafuu. Alikula. Aliniambia habari za mawingu na ndege. Aliniuliza kila jioni kama nimepangusa vizuri ili nta isishike vumbi. Wageni walikuja mwanzoni, shoga zake wa zahanati na jirani zetu wa mjini, kisha wakapungua. Maisha yalikuwa mazito kwa kila mtu, unga na sabuni vilikuwa vya kutafutwa, na Mbweni ilikuwa mbali kwa mtu asiye na la kumpelekea mgonjwa. Alikuwepo pia mwanamme mmoja aliyekuwa amemposa kabla ya ugonjwa. Alikuja mara moja, akasimama nje ya gari, akazungumza na mama tu. Dada alimwona kupitia dirisha lile lililorudi nusu. "Afadhali hilo lina ukungu," aliniambia baadaye.

Watu wa ofisi ya Serikali walikuja mwanzoni mwa kiangazi, kwa lori. Walikuwa watatu: mmoja mtu mzima aliyevaa kofia, dereva, na mwingine aliyebeba mnyororo. Yule mtu mzima alimsalimia bibi vizuri. "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika, "Marahaba," bado hajajua wamefuata nini.

"Ndugu zangu, sisi tumetumwa," mtu mzima alisema. "Tumeambiwa hapa kuna gari la mtu aliyeondoka. Mali ya walioondoka ni ya Serikali."

"Mna mgonjwa ndani," mama alisema.

Yule mtu alifikiri anadanganywa. Alikwenda mpaka mlangoni akachungulia. Nilimwona akivua kofia.

"Ahlan," dada alimwambia. "Karibu. Samahani siwezi kuinuka."

Kisha akarudi kwa mama akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hana amri ya kuliacha, kwamba akirudi mikono mitupu atatumwa mwingine, lakini atangoja mpaka baada ya adhuhuri. Mama alitaka kumpigia magoti. Dada akamwita.

"Mama, muache. Amesema kweli. Si letu." Kisha akamuuliza yule mtu, "Mnalipeleka wapi?"

"Litatumika kupelekea dawa mashamba, nasikia. Chanjo za watoto."

"Basi heri."

Tulimtoa kwa ubao, mimi, dereva, yule wa mnyororo na mtu mzima mwenyewe. Walimbeba kwa uangalifu zaidi kuliko wale wanaume wa mjini. Kabla hatujamwingiza ndani kwa bibi, dada alituambia tusimame, akamtazama dereva.

"Wewe ndiye utakayeliendesha?"

"Naam, dada."

"Juu kuna kuba la plastiki. Usilisugue kavu, na usiliguse kwa mafuta ya taa wala petroli, litapasuka. Osha kwa maji. Jua likipanda, lifunike. Mdogo wangu ameshona kifuniko, kichukue."

"Nshasikia, dada. Nitalifunika."

Tulipokwisha kumlaza ndani, nilimpa dereva kifuniko, kimekunjwa. Alikipokea kwa mikono miwili. Walitia upepo kwenye magurudumu, wakalifunga mnyororo, wakalivuta polepole katikati ya minazi. Lilikataa mara moja kwenye mchanga, likaenda.

Chumba cha bibi kilikuwa cha udongo, dirisha lake dogo kama kitabu kilichofunguliwa. Dada alilazwa humo akitazama makuti na boriti. Hakulalamika. Aliacha tu kusimulia, kwa kuwa hapakuwa na cha kusimulia. Nilijaribu kumweleza mimi: leo kunguru wamefanya hivi, leo wingu liko vile. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu anayekusomea lugha usiyoijua.

Siku moja nilipeleka nguo za harusi Mkokotoni. Karibu na soko nililiona gari letu, limeegeshwa juani, limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeusi. Nililizunguka. Mahali pa kuba palipigiliwa bati. Kifuniko changu kilikuwa kimetandikwa kwenye kiti cha dereva, kimejaa mafuta. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alikuwa akingoja mlangoni, na mtoto alikuwa amepigwa sindano, analia. Nikasema moyoni, basi, wanachanja kweli.

"Umeliona?" dada aliniuliza niliporudi, maana alijua liko pande hizo.

"Nimeliona. Linafanya kazi. Watoto wanachanjwa."

"Na wanalifunika?"

"Wanalifunika."

Alinitazama, akageuza macho kwenye boriti.

Alifariki katika masika, asubuhi, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Tulimzika Mbweni siku ile ile, kaburi likijaa maji na wanaume wakiyachota kwa ndoo. Mama alikaa eda ya huzuni isiyoandikwa popote, miezi hazungumzi ila ya lazima, kisha akakataa kabisa kurudi mjini. Nyumba yetu kule walikuwa wamepewa watu wengine.

Nilibaki nao nikishona. Mvua zilipokatika, bibi alisafisha pale gari lilipokuwa limesimama miaka yote ile. Ardhi ilikuwa ngumu, imeshindiliwa, ina harufu ya mafuta, na jembe liliruka. Akapanda muhogo hata hivyo. Ulizaa mizizi myembamba, yenye nyuzi. Tuliung'oa, tukauchemsha hivyo hivyo kwa chumvi, kwani mwaka ule unga haukuwa ukipatikana, tukakaa sisi watatu mkekani tukala.